Kiwanja kilichokuwa gereji: mboga unaweza kulima, ila si zote

Mkuu, umeuliza kama kiwanja walichokuwa mafundi betri kinafaa kupandwa mchicha. Nalima sehemu ya aina hiyo kwa miaka sasa. Kulima unaweza, ila mchicha uweke mwisho kabisa.

Peleka udongo maabara na uwaambie wapime risasi (madini ya ledi yaliyomo kwenye betri), kadimi na aseniki, ambazo zote ni sumu, maana kipimo cha kawaida cha rutuba hakionyeshi hivyo. Kila kona iwe na sampuli yake. Kwangu upande mmoja ulikuwa mchafu, mwingine hauna neno. Ili upate picha, mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango cha tahadhari cha risasi kwenye udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo.

Wengi wanahofia mizizi, kumbe risasi hung'ang'ania udongo na inayopanda juu ni kidogo. Kinachokulisha sumu ni vumbi na tope. Mvua ikikatika, geuza jani la chini la mchicha: tope limerukia mgongoni mwa jani na kujibana pale kikonyo kinapokutana na shina. Kusuuza mara moja hakulitoi. Ndiyo maana natandaza nyasi kavu nene shamba zima na kupanda nyanya, bilinganya na bamia, ambazo tunda lake hukaa juu na hupokea risasi kidogo sana. Karoti achana nazo, maana hukua ndani ya udongo wenyewe.

Kadimi ni habari nyingine. Hiyo hupanda hadi kwenye majani, hasa spinachi na letusi, na huwezi kuiosha wala kuichemsha ikatoka. Udongo wenye tindikali huizidisha, kwa hiyo mboji na chokaa ya kilimo, pH (kipimo cha tindikali ya udongo) ifike 6.5 hadi 7. Usipitilize, kwani pH ikipanda sana aseniki nayo huachiwa na udongo. Kuna watakaokwambia umwage mbolea ya fosfeti ifunge risasi udongoni. Inafunga kweli, lakini inaweza kuiachia aseniki, na baadhi ya mbolea hizo huja na kadimi yake.

Kama mchicha ni lazima, inua tuta: kitambaa kinachopitisha maji chini, juu yake sentimita 30 za udongo safi uliopimwa. Mbao kuukuu zilizotiwa dawa usizitumie, nyingine zina aseniki. Viatu vya shamba viishie nje, hasa kama una mtoto anayetambaa.

Majibu ya maabara yakitoka yaweke hapa pamoja na pH, tuone chokaa inahitajika kiasi gani.