Conan alikuwa mfalme tangu mwanzo

Wapo wanaodai kwamba ufalme wa Conan, yule shujaa shupavu wa hadithi za kubuni, uliongezwa na wachora katuni ili kurefusha mambo. Hapana ndugu. Hadithi yake ya kwanza kabisa, aliyoitoa mwandishi aliyembuni, Robert E. Howard, Desemba 1932, inamkuta tayari ni mfalme wa Aquilonia, nchi ya kubuni. Yuko mezani, kalamu ya dhahabu mkononi, anajazia ramani nchi za kaskazini ambazo wachoraji wa ikulu hawazijui. Kiti chenyewe alikipata kwa kumnyonga mfalme aliyekuwepo! Sasa waliomshangilia wamemgeuka, na wapo wanaopanga kumuua.

Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni, ndio waliorudi nyuma: mwaka 1970 walianza na Conan kijana, mwizi na askari wa kukodiwa, halafu 1980 wakafungua mfululizo wa pekee wa Conan mfalme, ana mke Zenobia na mtoto wa kiume, Conn. Mimi huo ndio naupenda zaidi. Shujaa mwenye shoka ni wengi, lakini shujaa anayechoshwa na vikao vya ikulu ni nadra. Anza na huo, michoro ya John Buscema peke yake inatosha kukukalisha.