Ajira Kwanza, Jezi Baadaye

Mwanangu,

Barua yako imefika, na baba yako nimemsomea mara mbili, macho yake unayajua. Unauliza kama umruhusu mjukuu wangu aache chuo cha ufundi hapo Nairobi aende kwenye hiyo akademi ya mpira. Ngoja kwanza nikwambie habari za Chacha wako, mdogo wa baba yako.

Wewe ulimkuta tayari anachechemea. Mimi nilipoolewa hapa Phagwara, Punjab ya India, nikitokea Kisumu, alikuwa winga wa kushoto, mwembamba, na beki hamuoni ila mgongo. Siku hizo mji huu ulikuwa viwanda na mpira, basi. Majira ya baridi matrekta ya miwa yalijipanga barabarani kungoja kiwanda cha sukari, harufu ya molasi ile ile ya Miwani, nami nikalia kwa kukumbuka nyumbani. JCT, kiwanda cha nguo, kilikuwa na timu yake tangu 1971, na Inder Singh, mtoto wa hapa hapa Phagwara, alikuwa bado anaichezea. Huyo ndiye aliyefunga mabao 23 katika Santosh Trophy, kombe la majimbo ya India, ya 1974/75, fainali ikachezwa Jalandhar, Punjab ikaichapa Bengal 6–0. Ukienda sokoni kununua bamia, muuza bamia anakuhadithia bao la tatu. Mimi nililelewa kwa hoki, babu yako akijivunia Makalasinga waliobeba Kenya hadi nafasi ya nne Kombe la Dunia 1971, lakini mwaka haukuisha nikawa mtu wa mpira.

Wakati huo mchezaji alikuwa mwajiriwa. Polisi wa Punjab walikuwa na timu, BSF, walinzi wa mpaka, pale Jalandhar nao, viwanda navyo. Kijana anacheza, na mwisho wa mwezi ana mshahara. Ndiyo maana nasema ajira kwanza, jezi baadaye. Chacha wako alichukuliwa na kiwanda kimoja, sitakitaja, akaahidiwa kazi ya kudumu. Aliahidiwa kwa mdomo. Msimu wa pili goti likaenda. Alipokwenda getini na fimbo yake, karani akapekua daftari, akamwambia jina lake halimo, yeye alikuwa kibarua tu. Mama mkwe wangu alikaa na neno hilo, kibarua, mpaka anakufa. Mimi nalo bado linanichoma nikiandika hapa.

Lakini haya, mbona sasa nakumbuka 1997? JCT walipotwaa ligi ya taifa, ile ya kwanza kabisa, baba yako, ambaye hata chenji ya basi huihesabu, alinunua vitamu vya ladu vya mtaa mzima. Alipeleka mpaka kwa jirani tuliyekuwa tumenuniana naye kwa ajili ya ukuta. Aliyecheza bhangra kuliko wote usiku ule ni Chacha, na goti lake bovu. Nikamwambia keti, utajiumiza. Akanijibu mimi shemeji yake, “Bhabhi, wakinipa tena leo, naenda.” Nilimkasirikia kweli. Sijui kwa nini nilimkasirikia.

Na aliyeongoza kwa mabao msimu ule alikuwa Bhaichung Bhutia, kijana wa Sikkim, mabao 14, hajafika hata umri wa kuoa. Hakungoja daftari la karani yeyote. Mwaka 1999 akaenda kuchezea klabu ya Bury, Uingereza. Kwa hiyo utaniambia, Mama, huyo je? Sawa, huyo ni mmoja, na wale wengine ambao majina yao hatuyajui wako wapi? Tena hata kiwanda chenyewe si mlima. Mwaka 2011 JCT walishuka daraja, na kampuni ikavunja timu, ikisema mpira hauonekani vya kutosha kwenye televisheni. Televisheni ni kriketi asubuhi mpaka usiku. Basi hata hao wenye ajira walibaki na nini? Walibaki na ajira, ndiyo. Unaona? Narudi pale pale: ajira kwanza, jezi baadaye.

Baba yako anasema nisikuamulie, mtoto ni wako na Nairobi si Phagwara. Kweli. Sitasema aende, wala sitasema asiende, ingawa ulimi unaniwasha na wewe unajua utasema nini.

Niulizie tu mambo mawili. Hiyo akademi, kijana akiumia, nani analipa hospitali, na je, imeandikwa au imesemwa? Na chuo kitamshikia nafasi yake mwaka mmoja? Nenda mwenyewe ukamwone mkuu wa chuo, usipige simu. Ukipata majibu niandikie kabla hujasaini kitu chochote. Chacha anataka umpelekee video ya kijana akicheza, anasema aone kwanza mguu wake wa kushoto.

Mama yako