Shangazi, nisaini fomu ya TV wamuonyeshe kijana wangu akitibiwa?

"Shangazi shikamoo. Niko Busia upande wa Uganda, nauza mitumba, nina watoto wanne. Wa kwanza ni mvulana ana miaka 15, alikuwa S2 akafukuzwa bweni mana walimpata na bangi. Saa hii mchana analala usiku anatoka, na mwezi uliopita alichukua pesa ya mzigo wangu, nilipomuuliza akanisukuma mlangoni nikaanguka. Sasa kuna watu wa TV kutoka Kampala wanatengeneza kipindi cha vijana walioharibika. Watamtibu bure miezi mitatu, kaunsela yupo, na mimi watanipa milioni mbili, ila watarekodi kila kitu hata akiwa ndani na kaunsela. Walishakuja mara moja, nilikuwa namgombeza, wakaniomba nirudie mana kamera haikuwa tayari. Kijana nilimwambia ni watu wa kumtafutia shule. Fomu iko mezani wanaitaka Ijumaa. Nimechoka Shangazi. Mama wa Busia."

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na hapo pa kusukumwa mlangoni pameniuma, mana mama hatoi siri kama hiyo nje mpaka imemfika shingoni. Kwa hiyo sikuzungushi: usisaini. Ijumaa ipite, fomu ikae hapo mezani, hakuna mtu atakuja kukukamata.

Kilichonishtua zaidi kwenye barua yako hata si bangi, ni hapo walipokuomba urudie kumgombeza. Hebu fikiria mwanangu, mtu amekuja kukutibia mtoto alafu anaomba mtoto agombezwe mara ya pili ili picha itoke vizuri. Daktari akiletewa mtoto kavunjika mkono anaomba auvunje tena ndo apige eksrei? Wale kazi yao ni kipindi, na kipindi kinataka kelele na machozi na mlango ukibamizwa, siku ambayo kijana wako ataamka asubuhi akaoga akachota maji akala akakaa kimya, hiyo siku kwao imepotea, na kumbe hapo ndo ameanza kupona.

Alafu kuna hiki kitu cha kaunsela. Mtoto akikaa na kaunsela lazima aamini kwamba anachosema hakitoki mle chumbani, isipokuwa maisha yake au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, na kaunsela mzuri hilo anamweleza toka siku ya kwanza. Wewe bado hujui kilichompata huko bweni, na mimi sijui. Inaweza kuwa ni marafiki tu. Inaweza kuwa kuna kitu wakubwa zake walimfanyia usiku akaanza kuvuta ili asahau. Inaweza kuwa ni mambo ya nyumbani, ya baba yake, hata yako wewe. Sasa atayasema vipi huku kuna mtu amemshikia maiki juu ya kichwa? Ataficha yale ya kweli aseme yale wanayotaka, au atayasema yote, na hapo ndo naogopa zaidi, mana mtoto wa miaka 15 akishaanza kulia hakumbuki kamera, anakumbuka wiki ya kipindi kutoka.

Hapa mtaani kwetu kuna binti, nitamficha, alikuwa na miaka 14 wakati kituo kimoja cha TV kilimrekodi akilia mbele ya mshauri, eti iwe onyo kwa wasichana wengine. Uso walifunika kwa ule ukungu wao lakini sauti waliiacha, na gomesi ya bibi yake, lile gauni lake, ilionekana, na ukuta wa bluu wa nyumba yao ulionekana, nani hapa haujui ule ukuta? Kipindi kilipita mara moja tu Jumapili. Klipu ya dakika moja ndo ilibaki inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mpaka kwenye foleni ya bomba watoto wadogo wa P4 wakawa wanamwigiza, wanajua mpaka pale sauti yake ilipokatika, wanavuta pumzi kama yeye alafu wanasema "bibi nisamehe" na wengine wanacheka. Akaacha kuchota maji mchana. Saa nne usiku nikifunga duka namwona anapita na jerikani imezibwa kwa ndizi mbichi, anaangalia chini, hanisalimii, na huyu mtoto alikuwa ananisalimia kwa kupiga magoti. Nilienda na bibi yake kuwaomba waitoe mtandaoni. Wakatuletea karatasi, bibi alikuwa amesaini.

Na haya mambo hayakuanzia kwetu. Mwaka 2005 Marekani televisheni ya ABC ilionyesha Brat Camp, vijana tisa walipelekwa porini Oregon kwenye kambi inaitwa SageWalk wabadilike mbele ya kamera, na wazazi wengi walioangalia waliona watoto wanarekebishwa wakadhani dawa imepatikana. Mwaka 2009 mvulana wa miaka 16 akafa akiwa kwenye matembezi ya kambi hiyohiyo, na kambi ikafungwa. Kuna na binti ambaye mama yake alimpeleka kwenye kipindi cha TV cha Dr. Phil hukohuko Marekani 2016 akiwa na miaka 13, maneno machache aliyosema kwa hasira yakawa kichekesho cha dunia nzima, akapelekwa ranchi moja huko Utah, na 2021 akajitokeza kueleza mateso anayosema aliyapata kule. Jina lake linajulikana ila mimi siliandiki, alikuwa mtoto. Uingereza msimamizi wa redio na TV, Ofcom, ana sheria kwamba heshima na hali ya moyo ya aliye chini ya miaka 18 lazima ilindwe kwenye kipindi hata kama mzazi amekubali. Soma hapo tena mwanangu, hata kama mzazi amekubali. Mana wanajua mzazi aliyechoka anasaini chochote.

Kwetu je? Katiba ya Uganda ya 1995 ibara ya 27 inalinda faragha ya mtu na haikusema mtu mzima peke yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, Uganda iliuridhia 1990, kifungu cha 16 kinamlinda mtoto faragha yake na cha 12 kinasema asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu. Na wewe ulimwambia ni watu wa shule. Sikulaumu, ulitaka kumwokoa, lakini siku akijua ukweli atakuona uko upande wao, na kwa sasa wewe ndo mtu pekee aliyebaki naye.

Milioni mbili najua ni nini. Ni ule mzigo ulioibiwa na mwingine juu yake na ada ya wale wadogo, sitajifanya ni pesa kidogo. Ila hawa watu wanasema kipindi kitasaidia vijana wengine, sawa, wawatafute watu wazima waliopona wenye kutaka kusimulia wenyewe, wapo, au waigize. Siyo lazima awe mtoto wako wakati bado anaumwa.

Sasa matibabu. Piga 116, ni Sauti, laini ya watoto, ni bure, waelezee kama ulivyonielezea mimi. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina idara ya akili na kutoka Busia si mbali sana, na hospitali za serikali malipo yaliondolewa toka 2001 ukiacha ule upande wa kulipia, weka tu nauli na ya dawa zikikosekana dirishani. Ikiwa nzito watakuandikia mwende Butabika, hospitali kubwa ya akili ya Kampala, wana sehemu ya watoto na ya walevi wa bangi na pombe, na usisikilize wale wanaosema ni ya vichaa tu. Nenda pia kwa afisa wa probesheni pale wilayani, hiyo ndo kazi yake. Na akikusukuma tena usipigane naye, chukua wale wadogo mtoke nje uite jirani.

Wale wa TV watumie meseji fupi, "Nimeamua hapana, na mlichorekodi siku ile mkifute." Usieleze sana, ukieleza watakubembeleza.

Na kijana mwambie ukweli kabla hajausikia kwa mtu mwingine. Usimkalishe kwenye kiti umkazie macho, vijana wa umri huo ukiwaangalia usoni wanafunga. Akiamka ile saa nane yake mchana, kaa naye uani na beseni la viazi, mpe kisu na yeye, mwambie wale hawakuwa watu wa shule, mimi nilidanganya, nimewakataa. Alafu muulize nini kilitokea bweni. Akinyamaza, endelea kumenya.