Miaka 9, saa 20 za jimnastiki kwa wiki: huo si uvivu

Dada, umesema binti yako wa miaka 9 anafanya jimnastiki saa 20 kwa wiki, analia kabla ya mazoezi, vifundo vya mikono vinamuuma, na samasoti ya nyuma (kupinduka hewani kinyumenyume) aliyoimudu mwaka jana sasa imemshinda. Kocha anasema ni uvivu. Mtoto anayefanya mazoezi saa 20 kwa wiki ni vigumu kupoteza ujuzi wake kwa uvivu. Aliyechoka kupita kiasi anaweza kuupoteza, na hiyo ni dalili ya kuangaliwa.

Kipimo wanachotumia madaktari wengi wa michezo: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Kwake ni 9. Vilabu vya mashindano huvuka hapo, najua, lakini yeye amepita mara mbili. Apate siku 1 au 2 za kupumzika kila wiki, na kwa mwaka apate jumla ya miezi 2 hadi 3 nje ya mchezo, hata kwa vipande vya mwezi mmoja mmoja.

Vifundo vya mikono ndivyo vinavyonitia hofu zaidi. Mfupa wa mtoto hurefuka kwenye tabaka la gegedu karibu na ncha yake, na tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Kila anaposimama kwa mikono au kupiga viganja kwenye meza ya kurukia, kishindo hupita hapo, hasa kwenye mfupa wa kigasha ulio upande wa dole gumba. Tabaka hilo likiumizwa mfululizo, mfupa huo unaweza kuacha kukua mapema huku mwenzake wa upande wa kidole kidogo ukiendelea kurefuka, na kifundo kikaharibika umbo. Mwambie aweke viganja mezani na aviegemee taratibu. Akisikia maumivu, asitie tena uzito mikononi mpaka daktari amwone na, ikibidi, apigwe eksirei. Kupona huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Tafadhali msimpe dawa ya maumivu ili amalize mashindano: dawa huzima maumivu, kishindo kiko palepale. Mgongo wa chini ukiuma anapopiga daraja (kujipinda kinyumenyume, viganja na nyayo zikiwa chini), naye pia aonwe na daktari, kwani huenda pingili imepata ufa.

Samasoti msimlazimishe. Simone Biles mwenyewe, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, alijitoa kwenye fainali kadhaa kwa sababu alikuwa hajui mwili wake uko wapi hewani. Mtoto akirushwa katika hali hiyo anaweza kutua kwa shingo. Arudishwe kwenye hatua za chini, juu ya godoro nene, na yeye ndiye aseme yuko tayari.

Nunua daftari. Kila asubuhi kabla hajainuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, andika na saa alizolala (umri wake unahitaji 9 hadi 12). Mapigo yakipanda kama 10 juu ya kawaida yake siku kadhaa, na usingizi ni mbovu, punguza mazoezi na uangalie kama anaumwa. Mpime urefu kila mwezi. Akirefuka ghafla, marudio ya kuruka yapungue, maana viungo vyake havijazoea urefu mpya.

Daktari akimruhusu kurudi, aanze na saa chache, pungufu sana ya nusu ya alizozoea, aongezewe kidogo kila wiki, asivuke zile 9. Kocha akikataa, mpumzishe kabisa wiki mbili. Akianza mwenyewe kuruka na kucheza nyumbani, mchezo bado anaupenda. Asipoutaja kabisa, muulize kwa upole kama anataka kuacha, na jibu lake ulikubali.