Siku moja Afriski inatosha?
Umeuliza kama siku moja inatosha Afriski, kile kituo cha kuteleza kwenye theluji kule Lesotho, kwa mtu hajawahi kuvaa ski (zile mbao ndefu za miguuni za kutelezea), inatosha ndugu yangu tena inabaki. Mteremko mkubwa wenyewe ni kama kilomita moja tu na theluji nyingi inatengenezwa na mashine. Mi nilienda Julai, asubuhi nzima niko kwa wanaojifunza, unageuza ncha za ski ziangaliane kama kipande cha pizza ndo unasimama, nikaanguka weee mpaka glavu zikalowa chapachapa. Ila usidharau ule urefu, pale ni zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hatua kumi tu ushaanza kuhema. Beba glavu za akiba na mafuta ya kuzuia jua, mi pua ilibabuka wiki nzima 😂