Wakali sita kwenye mtumbwi mmoja

SWALI: Nina mitumbwi mitatu ya dagaa hapa Igombe, Mwanza, kila mmoja ulikuwa na wavuvi wanne. Giza lililopita, yaani zile siku za usiku usio na mwezi tunapovua, nilichomoa wale wakali wa kuvua kutoka yote mitatu, wakiwemo manahodha, nikawaweka sita pamoja uwe mtumbwi wa mfano. Sasa wanagombana kila usiku na ndoo wanazoshusha zimepungua. Kuna mtaalamu wa mjini anataka kuwapima haiba kwa dodoso, aniambie nani akae na nani. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe. Pesa hiyo nunua betri za taa za kuvutia dagaa.

Ndugu yangu, kilichokuharibia kazi ni huo uchaguzi. Huyo mvuvi mkali hakuwa mkali peke yake. Aliyevuta upande wa pili wa wavu alikuwa anaujua mkono wake. Dagaa wakishajaa kwenye taa, pande zote mbili sharti zivutwe sawia. Upande mmoja ukitangulia, wanapenya, mnaanza upya. Waliozoeana hulifanya hilo bila hata kusemeshana. Wewe umekusanya manahodha watatu, kila mmoja na saa yake ya kusogeza taa, halafu unashangaa wanagombana.

Hata angani ni vivyo hivyo. Mwaka 1994 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi wa ajali za ndege zilizochangiwa na makosa ya marubani. Kwa ajali ambazo ilijulikana marubani walikuwa wameruka pamoja kwa muda gani, asilimia 73 zilitokea siku ya kwanza marubani hao kuruka pamoja. Wote walikuwa na leseni zao.

Na kwa nini sita? Mfaransa Max Ringelmann alipima watu wakivuta kamba, akachapisha matokeo mwaka 1913: wanane pamoja walitoa karibu nusu tu ya nguvu ambayo ungepata kwa kujumlisha ya kila mmoja. Wengine hutegea, wengine huvuta nje ya mapigo. Juu ya hapo, mgawo uliokuwa wa wanne sasa unakatwa mara sita. Huo ugomvi ningeanza kuutafuta hapo kwenye mgawo kabla ya haiba ya mtu.

Warudishe kwenye mitumbwi yao. Ukitaka kubadilisha, badilisha mmoja, kisha subiri giza zima. Nahodha apendekeze watu wake, lakini neno la mwisho libaki kwako, maana genge la marafiki watupu hujua pia kuuza dagaa majini kabla hawajafika mwaloni kushusha.

Sasa hawa wapima haiba. Wamejaa Mwanza: viwanda vya samaki, shule, ofisi, hadi vikoba. Wanakuja na karatasi ya rangi nne, huyu mwekundu, yule bluu, na mwenye kampuni anapangua zamu zilizokuwa zinakwenda vizuri. Mimi sioni walipomzidi mganga anayesema nyota za mabaharia wako hazipatani. Mganga angalau anakubali kuku. Wakishalipwa hawarudi kuangalia kama kazi imepanda au imeshuka.

Akija tena, muulize swali moja: atapima ndoo ngapi zilishuka kabla yake na ngapi baada yake, na yuko tayari kulipwa baada ya giza mbili? Akianza kukuonyesha vyeti, mwagize chai, anywe aende.