Kabla Hujafyeka Jani la Kwanza: Ushauri kwa Anayeanza Kulima Shamba Lililoachwa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Busia ambao umenikosesha usingizi. Aliandika hivi: "Mama, kuna mzee amenikodisha nusu ekari, ila haijalimwa miaka mingi na nyasi zimenipita kimo. Nimeshapata watu wa kufyeka Jumamosi. Nipande mbegu gani kwanza?" Nilimjibu kwa ufupi kwamba awasimamishe watu wake, kisha nikamwahidi kumweleza sababu kwa urefu. Makala hii ndiyo jibu lake, na ni jibu kwa kila mmoja wetu tunaoishi mijini na kwenye vituo vya mpakani, tunaonunua unga kwa kilo na kuota siku ya kula tulicholima wenyewe.

Mimi ninafanya kazi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika ofisi ya uwakala wa forodha, na sikuzaliwa mkulima. Mwezi wa Januari 2022 nilikodi nusu ekari upande wa Osukuru, si mbali na mji wa Tororo, Uganda. Nilikuwa nimeliona shamba hilo mara nyingi nikiwa juu ya bodaboda, limejaa vichaka, halina mtu, na moyo wangu ulilitamani. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye maneno mazuri. Aliniambia, "Lima tu, mwanangu, ardhi hii imelala. Utanipa shilingi 80,000 kwa msimu, mengine tutaelewana." Neno hilo la mwisho nililichukua kuwa mkataba. Nitalirudia baadaye, kwa sababu ndilo lililoniumiza kuliko jembe.

Nilianza kama wanavyoanza wengi: kwa hasira. Niliwalipa vijana wawili wakafyeka kwa siku mbili. Nyasi za motomoto walizilaza chini, vichaka vya lantana wakavikata kwa panga hadi kwenye shina, na mimi nilikwenda jioni nikiwa na sketi iliyojaa mbegu za kishona nguo, nikasimama katikati ya uwazi ule nikajiona nimeshamaliza. Jirani mmoja alinishauri nichome moto. Namshukuru Mungu sikumsikiliza, maana moto huondoa kinachoonekana tu, huku ukiteketeza majani ambayo yangeoza na kuwa rutuba. Mizizi ya motomoto haiguswi na moto wa juu, na mvua ya kwanza ikinyesha huchipua kabla ya mbegu yako.

Kosa langu lilikuja mwezi wa Machi. Nilikodi ng'ombe wawili wa plau, wakalima nusu ekari yote kwa asubuhi moja, na udongo ukawa mwekundu, laini, wa kupendeza macho. Nilipiga picha. Wiki tatu baadaye shamba lilikuwa la kijani kabla hata mahindi yangu hayajafikisha majani manne, na kijani kile hakikuwa cha mahindi. Nilipiga magoti nikafukua kwa mikono. Chini ya udongo kulikuwa na sangari, gugu la jamii ya nyasi. Plau ilikuwa imekata mizizi yake mirefu vipande vipande, na kila kipande, hata kisichozidi urefu wa kidole gumba, kilikuwa na pingili, na kila pingili ilikuwa imetoa chipukizi jeupe lenye ncha kama sindano. Nilishika kimoja, nikakivuta taratibu, kikakatikia mkononi kwa mlio mdogo. Nusu ikabaki mkononi mwangu, nusu ikabaki ardhini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ng'ombe wale hawakulima magugu, bali waliyapanda, na kwamba mimi ndiye niliyewalipa kufanya hivyo.

Hayo yangetosha, lakini mahindi yalipofika magotini, mengine yakaanza kuwa manjano na kudumaa kana kwamba hakuna mvua, ilhali mvua ilikuwa ya kutosha. Kisha yakatokea maua mazuri ya rangi ya zambarau iliyofifia katikati ya mistari. Sikuyajua, na kwa ujinga wangu niliyaacha kwa sababu yalikuwa yanapendeza. Kumbe ni kiduha, ambacho wengi huku mpakani hukiita kayongo. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, hukaa ardhini miaka mingi ikisubiri, na huota inapohisi mizizi ya mimea kama mahindi, mtama au wimbi iko karibu. Ikishaota hujishikiza kwenye mizizi hiyo na kunyonya chini kwa chini, kwa hiyo siku unapoliona ua, hasara imekwisha kupatikana. Ua moja ukiliacha likomae, humwaga mbegu kwa maelfu. Nusu ekari ile ilinipa gunia moja na debe mbili za mahindi. Sitazieleza fedha nilizotumia.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja jirani, Mjapadhola aliyepita miaka 70, ambaye shamba lake lilikuwa safi kama ua wa nyumba. Alikuja siku ya mavuno, akatazama gunia langu moja bila kucheka, akaniambia kwa Kiswahili cha mpakani: "Mama, wewe umelima unachoweza kulima. Lima unachoweza kupalilia." Alinifundisha kwa mikono yake mwenyewe, na yote ninayowashauri leo ni yake.

Jambo la kwanza ni kugawa. Usifungue shamba lote. Mimi nilichukua kamba nikapima hatua kumi kwa kumi, nikalichimba eneo hilo peke yake, na sehemu iliyobaki nikawa naifyeka tu kila mwezi ili isitoe mbegu. Jambo la pili ni majira. Huku kwetu mvua huja mara mbili kwa mwaka, na kipindi cha kati ya Desemba na Februari ndicho jua linapokuwa mtumishi wako. Kazi ya mizizi ifanye wakati huo. Jambo la tatu ni kifaa: weka plau kando, weka kando hata jembe la kawaida, tumia jembe la meno. Jembe la bapa hukata, la meno huinua. Unalizamisha, unalilaza, unainua bonge zima la udongo, unalipiga kwa mgongo wa jembe mpaka udongo udondoke, kisha unavuta mzizi wote ukiwa mzima. Mizizi usiitupe kwenye lundo la mbolea na usiiache juu ya udongo wenye unyevu. Ianike kwenye mwamba au kwenye murami ya barabarani mpaka ivunjike kama vijiti vikavu. Gugu la ndago nalo lina vijiazi vidogo vyeusi chini. Ukiona unang'oa majani yake tu bila kijiazi, jua unajichosha.

Kwa namna hiyo, kati ya Desemba 2022 na Februari 2023, nilisafisha robo ya shamba, nikifanya kazi kila Jumamosi na jioni mbili za katikati ya wiki. Ilikuwa kazi ya kuumiza kiuno na sina mengi ya kusema juu yake. Mvua ziliposhika nilipanda viazi vitamu kwenye matuta. Mama yule alisisitiza viazi na si kingine, na sababu zake ni za kweli: ukitengeneza tuta unageuza udongo mara moja zaidi, na mizizi uliyoisahau unaikuta, marando yakishatambaa hufunika ardhi, na magugu hayapati mwanga, na siku ya kuvuna unachimba tena kila mahali, kwa hiyo unasafisha mara ya tatu huku ukilipwa kwa viazi. Isitoshe, kiduha hakina lolote la kunyonya kwenye kiazi. Msimu wa pili wa mwaka 2023 nilipanda maharage mahali palipotoka viazi, nikazika chini majani ya tithonia, ile yenye maua ya njano kama alizeti iotayo kando ya barabara, ambayo huoza upesi na kuupa udongo nguvu. Maharage yale nilianza kuyavuna baada ya siku 70 hivi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama maganda yale yakining'inia, na mpaka leo nikifumba macho nayaona.

Sasa nirudi kwenye neno "tutaelewana."

Mwezi wa Desemba 2023, nikiwa bado na maharage yanayokauka kwenye turubai, mzee alikuja na mwanawe. Walilizunguka shamba lote bila kusema. Mwanawe akachukua udongo, akausaga kwenye kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mzee akaniambia kwamba mwanawe amerudi kutoka Kampala na anataka kulima, kwa hiyo msimu wangu umekwisha. Nilimkumbusha jinsi shamba lilivyokuwa. Akasema ananishukuru sana. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye alinipokea kwa heshima na kunisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: karatasi iko wapi? Nilikuwa na jumbe za simu zinazoonyesha nimelipa shilingi 80,000 mara nne. Zilithibitisha kwamba nimelipa misimu minne, na misimu minne nilikuwa nimeshailima. Hazikusema lolote juu ya msimu wa tano.

Nimeshasamehe, lakini sitasema kwamba hainiumi. Kila nikipita Osukuru naliona shamba lile na najua kila hatua ya udongo wake, mahali palipokuwa na shina la lantana lililonichukua asubuhi nzima kuling'oa, mahali nilipoanika sangari. Anayekodi shamba lililopata kulimwa jana anakodi msimu mmoja. Anayekodi pori huweka jasho lake leo ili ale mwaka wa pili na wa tatu, na asipokuwa na haki ya kuwapo mwaka wa pili na wa tatu, amemfanyia mtu kazi bila mshahara, tena amelipa ili aifanye. Wapendwa wangu, hili si jambo la kuona haya. Tumelelewa kuamini kwamba kumwomba mzee aweke saini ni kumvunjia heshima. Mimi nawaambia kwamba mzee mwenye nia njema hataumizwa na karatasi, na yule atakayeumizwa nayo ni heri umjue kabla ya kufyeka.

Andikeni idadi ya misimu, isipungue minne, na mimi ningependa sita. Andikeni mipaka kwa alama zinazoonekana, kama mti, jiwe au njia. Andikeni kodi na siku ya kuilipa, na kama itapanda, itapanda lini. Andikeni kwamba mazao yaliyo ardhini yataachwa yakomae, hasa kama utapanda muhogo unaokaa mwaka mzima. Na asisaini mzee peke yake. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake, inataka ridhaa ya mke au mume kabla ardhi ya familia haijauzwa au kukodishwa, kwa hiyo mama wa nyumba awepo na aweke saini yake. Watoto wakubwa nao waitwe, maana mara nyingi ni wao watakaokuja na habari mpya. Majirani wa mipaka wawe mashahidi, na mwenyekiti wa LC1 apige muhuri. Nakala moja ikae kwako, moja kwa mwenye shamba, moja kwa mwenyekiti.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mwaka 2024 nilipokodi kiwanja kingine, kidogo zaidi, futi 50 kwa 100, ambazo ni kama desimali 11 na nusu, desimali moja ikiwa sehemu ya mia ya ekari. Nacho kilikuwa kimeachwa, nacho kilikuwa na sangari. Sikuleta ng'ombe. Nilikwenda kwanza na jembe la meno, nikachimba mashimo manne tu, moja kila pembe, ili nijue chini kuna nini, na kutokana na mashimo hayo nikajua ninahitaji misimu mingapi kabla hata sijataja bei. Tuliandika sita. Mahindi nimeyapanda mara moja tu, baada ya misimu miwili ya viazi na maharage, na kiduha kilipochomoza nilikifuata shina kwa shina nikaking'oa kabla hakijatoa ua.

Basi, mwanangu wa Busia, hilo la mbegu halijafika bado. Watu uliowapata wape kazi ya kuchimba mashimo manne, wakuonyeshe mizizi iliyomo, na siku hiyohiyo uende kwa mzee ukiwa na daftari.

Leo asubuhi ameniandikia tena. Mashimo matatu yana sangari, la nne lina ndago. Mzee hakukasirika. Amesema jambo la kuandikiana ni zuri, ila lisubiri Jumapili baada ya ibada, mkewe atakapokuwa nyumbani, naye atamwita mwenyekiti.